Dada, vikundi viko wapi?

Wadogo zangu wa mwambao, kuanzia Kabezi mpaka Nyanza-Lac, wiki hii mambo ya wachumba na wakwe yangoje kidogo. Nimepata swali ambalo kona hii haijawahi kuulizwa, nami nitalijibu mpaka mwisho, hata kama mama zenu watasema Dada Mkubwa sasa amegeuka fundi.

Anayeuliza ni kijana wa Rumonge. Kaka yake huzamia samaki wa mapambo upande wa Magara. Si mukeke wala ndagala, ni wale wadogo wenye rangi wanaokaa kwenye mawe, wanaofungiwa ndani ya mifuko yenye oksijeni na kupandishwa ndege Bujumbura. Kijana ana kompyuta kuukuu yenye Linux, na fundi mmoja akamwambia kwamba akitaka kusoma wageni wanavyobishana juu ya samaki wa ziwa letu la Tanganyika, aingie Usenet kwa programu iitwayo slrn. Akaiweka. “Dada, kwanza iligoma, ikasema kuna faili halipo. Nikahangaika nalo, sasa inafunguka lakini naona skrini nyeusi tupu. Vikundi viko wapi? Au Usenet imekufa?”

Haijakufa, mdogo wangu. Imezeeka tu, na wazee hawajitangazi. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kompyuta kupeana ujumbe, na mwaka uliofuata ikaanza kutumika. Ujumbe unapelekwa kwenye kikundi chenye mada yake, seva moja inaunakili kwa nyingine, na hakuna tajiri mmoja anayemiliki yote. Tarehe 22 Februari 2024 Google Groups ilifunga mlango wake wa Usenet, na wengi waliokuwa wakipitia hapo wakadhani nyumba nzima imebomolewa. Imebaki milango mingine, na wa programu za maandishi matupu ndio ninaoupenda kwa mtu wa Rumonge. Hauna picha, hauna video inayojicheza yenyewe na kumaliza bando lako, na kompyuta aliyoiacha binamu yako miaka kumi iliyopita inauweza.

Sasa tatizo lako. Umechanganya vitu viwili: programu na seva. Slrn haiji na orodha yoyote ya vikundi tumboni mwake. Orodha inakaa kwenye seva, na kila seva ina yake, kwa sababu mwenye seva ndiye anayeamua vikundi gani avipokee. Ni kama mwalo: utakachokuta pale Rumonge asubuhi ni kile mitumbwi iliyotia nanga hapo ilichoshusha, si kila samaki aliyevuliwa ziwani usiku huo. Kwa hiyo usiseme “kikundi fulani hakipo duniani” kabla hujajua umeuliza seva gani.

Seva ninayowashauri wanaoanza ni ya Eternal September. Ni ya bure, inabeba maandishi tu, na inataka ujiandikishe kwanza upewe jina na neno la siri. (Jina lake linatokana na Septemba ya mwaka 1993. Kabla ya hapo, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walimiminika Usenet na kuwaudhi wenyeji, kisha wakajifunza adabu. Baada ya mwaka huo watu wa intaneti ya nyumbani wakaanza kuingia bila kukoma, na wenyeji wakalalamika kwamba Septemba haiishi tena. Wazee wa kila mtaa wanafanana.)

Ukishajiandikisha, iambie kompyuta yako seva hiyo iko wapi. Fungua faili la `.bashrc` lililo kwenye folda yako ya nyumbani, uongeze mstari huu mwishoni:

`export NNTPSERVER=news.eternal-september.org`

Funga kidirisha cha amri ukifungue upya, la sivyo mstari huo hautasomwa. Kisha tengeneza faili liitwalo `.slrnrc`, uandike humo:

`nnrpaccess "news.eternal-september.org" "jina" "neno"`
`set force_authentication 1`
`set hostname "mwambao.invalid"`
`set read_active 0`

Mstari wa kwanza unatoa jina lako na neno lako la siri. Wa pili watu huuruka, kisha wanalia. Kuna seva zisizokuuliza wewe ni nani: zinakufungulia mlango na kukuonyesha orodha fupi ya wageni, au zinakunyima kimyakimya. Mstari huo unailazimisha slrn ijitambulishe kabla ya kuomba chochote. Ukiona mwenzako wa seva hiyohiyo ana orodha ndefu kuliko yako, anza kutafuta hapo.

Wa tatu ni wa usalama wako. Anwani yenye mwisho wa `.invalid` imetengwa rasmi isiwe ya mtu yeyote, kwa hiyo watuma takataka hawatakupata. Wa nne nitaueleza baadaye kidogo, maana ndio unaohusu pesa zako.

Ukimaliza kuandika, piga `chmod 600 ~/.slrnrc` ili mtu mwingine anayetumia kompyuta hiyo asisome neno lako. Na neno hilo, nakuomba sana, lisifanane na namba ya siri ya Lumicash. Ukipitia poti namba 119, ambayo ndiyo ya kawaida, neno linasafiri wazi bila kufichwa. Poti 563 ndiyo yenye kufichwa, lakini inategemea kama slrn uliyonayo ilitengenezwa na uwezo huo.

Tuje kwenye lile faili lililokugomea. Slrn inahitaji daftari la kuandika vikundi ulivyojiandikisha na ujumbe uliokwisha kuusoma. Kwa kawaida daftari hilo linaitwa `.jnewsrc`. Mara ya kwanza halipo, na slrn haitalitengeneza mpaka uiamuru. Njia inayoandikwa kwenye kila mwongozo ni hii:

`slrn -f ~/.jnewsrc --create`

Ukipiga hivyo, slrn inaiomba seva orodha nzima na kuimwaga kwenye faili. Hapa tupige hesabu. Tuseme seva ina vikundi 100,000 na kila mstari wa orodha una herufi kama 40. Hizo ni megabaiti 4. Enzi za modemu za simu, zile za biti 14,400 kwa sekunde, ungekaa zaidi ya nusu saa ukiangalia skrini. Leo, mtandao ukiwa mzuri, megabaiti 4 si kitu, ni picha moja ya harusi. Shida ya kwetu si ukubwa, ni kukatika. Umeme ukiondoka au mtandao ukiyumba katikati, unaanza upya, na bando halirudishwi.

Basi mimi ningekupitisha njia ya mkato. Tengeneza daftari kwa mkono wako, lenye kikundi kimoja tu:

`echo "rec.aquaria.freshwater.cichlids:" > ~/.jnewsrc`

Angalia hiyo nukta mbili mwishoni. Kwenye daftari hili, nukta mbili maana yake umejiandikisha, na alama ya mshangao maana yake kikundi kinajulikana lakini hujajiandikisha. Sasa piga `slrn` peke yake. Itafunguka na kikundi kimoja, na hujapakua orodha yoyote.

Na kile kiza ulichokiona? Kuna sababu mbili, na zote zinatibika kwa kitufe. Slrn ikifunguka inaonyesha vikundi ulivyojiandikisha tu, tena vyenye ujumbe ambao hujausoma. Kama daftari lako limejaa alama za mshangao, hutaona hata kimoja. Bonyeza L kubwa. Itakuuliza unataka vikundi vya namna gani, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kuandika nyota peke yake, maana yake “nipe vyote.” Wewe andika kipande cha jina katikati ya nyota mbili, kwa mfano `*cichlid*` au `*aqua*`. Utaletewa vinavyofanana na hicho tu. Peleka mshale kwenye kikundi unachokitaka, bonyeza s, umejiandikisha. Ukijuta, bonyeza u. Ukimaliza kuchagua, L tena, na vile usivyovitaka vinajificha.

Sababu ya pili ni l ndogo. Hiyo ndiyo inayoficha na kufichua vikundi ulivyomaliza kuvisoma. Kwa hiyo kama umejiandikisha vizuri na bado huoni kitu, pengine huna ujumbe mpya, basi. Bonyeza l ndogo uone. Kwenye programu hizi herufi kubwa na ndogo si ndugu, na kibodi yenye kitufe cha herufi kubwa kilichokwama itakutoa jasho.

Nilikuahidi mstari wa nne. `read_active` ikiwa 1, slrn inavuta orodha yote ya seva kila unapoifungua. Ikiwa 0, inauliza habari za vikundi vilivyomo kwenye daftari lako tu. Mtu mwenye faiba ofisini Bujumbura aweke 1 akipenda. Mtu wa Rumonge anayenunua bando kwa siku aweke 0, na asimsikilize anayemwambia vinginevyo.

Sasa swali ambalo hukuniuliza lakini utaniuliza kesho: “Dada, nimetafuta Burundi, nimetafuta Tanganyika, sioni kitu.” Usishangae. Majina ya vikundi yalipangwa na watu wengine kwa mpangilio wao. Katika miaka ya 1986 na 1987 vikundi vilipangwa upya chini ya vichwa saba: comp kwa kompyuta, sci kwa sayansi, rec kwa burudani, soc kwa jamii, talk kwa mabishano, news kwa mambo ya Usenet yenyewe, na misc kwa mengineyo. Baadaye, mwaka 1995, kikaongezwa humanities. Pembeni kuna alt, ambako kila mtu anajifungulia chake, na kuna vichwa vya lugha na nchi kama fr kwa Kifaransa na de kwa Kijerumani. Jina linasomwa kutoka kubwa kwenda dogo. Kwa hiyo samaki wa kaka yako hawako chini ya Burundi. Wako chini ya burudani, kisha matangi ya samaki, kisha maji yasiyo na chumvi, kisha ukoo wao, cichlid. Kama Kifaransa cha shule bado kiko kichwani, jaribu pia `fr.*aqua*`. Na ukitaka vikundi vya watu wa kwetu, kuna soc.culture.african na soc.culture.kenya. Hicho cha pili, miaka ya 1990, kilikuwa uwanja wa Wakenya waliokuwa masomoni ughaibuni, wakibishana siasa usiku kucha.

Tena tafuta kwa majina ambayo wafugaji wanayatumia. Yule mdogo mwenye mapezi marefu ya kupepea, Neolamprologus brichardi, wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamwita Binti Mfalme wa Burundi. Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1974 na Max Poll, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki kutoka Burundi na aliyetoa mwaka 1989 kitabu kinene juu ya samaki wa Tanganyika. Yule mkubwa mwenye nundu kichwani na mistari myeusi ni Cyphotilapia frontosa, na wafugaji wana aina nzima wanayoiita ya Burundi. Wale wa Tropheus wanaokwangua mwani kwenye mawe hubadilika rangi kila ufukwe, ndiyo maana huuzwa kwa majina ya mahali. Ukikuta mtu wa Ujerumani anaandika “Rutunga” hajakosea, anamaanisha Rutunga hii yetu. Ukishaingia kwenye kikundi, hayo ndiyo maneno ya kutafuta kwenye vichwa vya ujumbe.

Jifunze pia kuusoma mstari wa orodha yenyewe, kwa sababu unakuambia kikundi kiko hai au ni kaburi. Toka kwenye slrn, zungumza na seva moja kwa moja:

`telnet news.eternal-september.org 119`

Ikikusalimu kwa namba 200, karibu. Ikisema 201, unaweza kusoma lakini si kuandika. Piga `LIST ACTIVE *cichlid*`. Ikijibu 480, inataka ujitambulishe: andika `AUTHINFO USER` na jina lako, kisha `AUTHINFO PASS` na neno lako, usubiri 281. Rudia ombi. Itakuja 215, halafu mistari ya namna hii (namba hizi ni za mfano):

`rec.aquaria.freshwater.cichlids 12345 12001 y`

Namba ya kwanza ni ya ujumbe wa mwisho, ya pili ni ya ujumbe wa zamani kabisa ambao seva bado inautunza. Toa ya pili kwenye ya kwanza, ongeza moja: hapa kuna nafasi ya ujumbe usiozidi 345. Rudi baada ya wiki mbili. Namba ya kwanza isiposogea, wenyeji wamehama. Herufi ya mwisho ikiwa y, mtu yeyote anaandika. Ikiwa m, kuna msimamizi anayesoma kwanza. Ikiwa n, kwenye seva hiyo hamruhusiwi kuandika. Nukta moja peke yake kwenye mstari inamaanisha orodha imekwisha. Ukiwa umekwisha kujitambulisha na ukaona nukta bila mstari wowote wa kikundi juu yake, programu yako haina kosa, seva haina kikundi hicho. `QUIT`, utoke.

Njia hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha kosa liko kwa nani. Kabla ya kumlipa fundi, piga telnet.

Kwa mwenye kutumia tin badala ya slrn: seva inawekwa vilevile kwa NNTPSERVER, programu inafunguliwa kwa `rtin -A`, na kitufe cha kuleta au kuondoa vikundi usivyojiandikisha ni y. Jina na neno vinakaa kwenye faili la `.newsauth`, kwa mpangilio wa ajabu: seva, kisha neno la siri, kisha jina. Ndiyo, neno linatangulia jina. Sijui aliyeamua hivyo alikuwa amekula nini. Na tin ikifunguliwa kwa `-n` inapakia vikundi ulivyojiandikisha tu, jambo zuri kwa mtandao wa polepole lakini si siku ya kwanza unapotafuta orodha.

Kama mko watano hapo mtaani, msipakue orodha nzima mara tano. Mmoja apige `--create` siku mtandao umetulia, kisha `.jnewsrc` yake ipite kwa flashi. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyachambua bila mtandao kabisa:

`grep cichlid ~/.jnewsrc`

Sharti ni moja: wote muwe kwenye seva ileile. Kila seva inaupa ujumbe namba zake yenyewe, kwa hiyo daftari la seva moja likipelekwa kwenye nyingine litakuambia umesoma usichosoma, na litakuficha ulichokuwa unakitafuta.

Ukishakipata kikundi, usikurupuke kuandika “nauza samaki” pamoja na namba ya simu. Huko maandishi yananakiliwa kwenye seva nyingi na hayafutiki, na kesho utapigiwa na watu wanaotaka utangulize ada ya usafirishaji. Usitume chochote kwa mtu kama huyo. Biashara ya kaka yako ina vibali vyake na wasafirishaji wake, iache huko huko.

Ujumbe wako wa kwanza kabisa upeleke misc.test, kikundi kilichowekwa kwa kujaribia tu, uone kama jina lako linatokea vizuri. Ukikaa sawa, nenda kwenye cichlid na jambo ambalo wenye matangi wa Hamburg hawawezi kuliona: kaka yako akishuka pale Magara, samaki yupi anamkuta kwenye kina gani, mawe yakoje, maji yanachafuka mwezi gani mvua ikianza. Muulize akiwa ametoka majini, uandike siku hiyohiyo.